Surf Rock Isiyo na Mwimbaji: Utajuaje Kama Albamu Ni Nzuri?

SWALI: Nimenunua albamu mpya ya bendi moja ya surf rock, ule muziki wa gitaa uliotoka California mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ina nyimbo 12, zote za ala tupu, hakuna anayeimba hata neno moja. Tatu za mwanzo zilinisisimua sana, lakini nilipofika ya sita nikawa siwezi tena kutofautisha hii na ile. Rafiki zangu wanaoujua muziki huu wanaisifia mno. Je, tatizo ni albamu, au ni masikio yangu yaliyozoea maneno? Na mtu anaupimaje muziki usiosema chochote? Napiga gitaa kidogo, kwa hiyo usisite kunieleza kwa undani.

JIBU: Ndugu msomaji, masikio yako ni mazima. Mtu akichoka katikati ya albamu, uchovu huo una sababu, na mara nyingi sababu yenyewe imo humo humo ndani ya albamu. Ila kabla hujaiweka kando, kuna mambo mawili ya kutenganisha. Nyimbo za surf zinafanana kama watu wa ukoo mmoja: gitaa lenye mwangwi, ngoma za mbio, dakika mbili au tatu basi. Mfanano wa namna hiyo usikusumbue, maana ukiuondoa, surf yenyewe haipo tena. Kinachochosha ni pale ambapo chini ya mwangwi na mbio hizo hamna melodi. Mimi albamu yoyote ya ala tupu naipima kwa maswali mawili. Melodi inaimbika kwa mdomo, bila gitaa? Na ikirudi mara ya pili na ya tatu, bendi imeifanya nini?

Swali la pili ndilo zito. Kwenye wimbo wa maneno, ubeti wa pili unaleta habari mpya hata kama melodi haijabadilika. Mwimbaji anasema mpenzi ameondoka, kisha anasema ameandika barua na haijajibiwa, nawe unafuata kisa. Gitaa halina kisa cha kukupa. Likirudia ubeti wa pili noti kwa noti kama lilivyoupiga wa kwanza, limekwambia jambo lile lile mara mbili, na ukilisikia mara ya tatu akili inaanza kuzurura. Wapigaji wazuri wa surf wanalijua hili, ndiyo maana kila melodi inaporudi wanaigusa mahali fulani. Bendi isiyolijua hutegemea sauti nzuri ya vyombo imbebe, na sauti nzuri hubeba nyimbo tatu, labda nne. Ulivyoeleza safari yako ndani ya albamu hiyo inafanana sana na hali hii.

Tuanze na mwangwi, kwa sababu ndio unaofunika mengi. Mwaka 1961 kampuni ya Fender ya California ilianza kuuza kisanduku cha mwangwi kinachojitegemea, kinachokaa kati ya gitaa na amplifaya. Ndani yake mna springi za chuma zilizotandazwa kwenye trei, teknolojia iliyotoka kwenye vinanda vya Hammond. Sauti ya gitaa inageuzwa kuwa mtikisiko kwenye ncha moja ya springi. Mtikisiko unasafiri hadi ncha ya pili, unagonga, unarudi, unasafiri tena, na kila safari unafifia. Kule ncha ya pili unageuzwa kuwa umeme tena na kuchanganywa na sauti kavu ya gitaa. Kisanduku kina nobu tatu: ya kwanza inaamua springi zipigwe kwa nguvu kiasi gani, ya pili kiasi cha mwangwi kinachochanganywa, ya tatu inang'arisha au kufifisha sauti.

Kama unaweza kuazima chombo chenye springi za kweli, fanya hivi. Ongeza nobu ya kwanza, laza ubavu wa kiganja cha kulia juu ya nyuzi karibu na daraja, kisha piga uzi mnene kwa pigo fupi. Utasikia kitu kama tone la maji likidondoka ndani ya tangi tupu. Sauti hiyo ndiyo wapenzi wa surf wanayoisaka kuliko zote, na kuipata sawasawa ni ufundi wa kweli: kiganja kikilala kizito mno uzi unakufa, kikilala chepesi tone halitokei. Nadhani rafiki zako wanaisifia albamu kwa sababu ya mambo ya aina hii. Wanasikia springi zilizopigwa vizuri, amplifaya ya lampu, na ngoma zilizorekodiwa kwa maikrofoni chache ndani ya chumba kimoja, na wanafurahi kwa haki. Wewe ulikuwa unasikiliza nyimbo. Bendi inaweza kufaulu kwenye la kwanza na kulegea kwenye la pili.

Ubishi huu ni wa tangu zamani. Kulikuwa na bendi ya vijana kusini mwa California iliyoitwa The Belairs, ambayo mwaka 1961 ilitoa "Mr. Moto," mojawapo ya nyimbo za kwanza kabisa za surf. Iliongozwa na wapiga gitaa wawili, Paul Johnson na Eddie Bertrand. Kisanduku cha Fender kilipoingia, Bertrand alikipenda na Johnson hakukitaka. Aliona uzuri wa muziki wao ulikuwa kwenye namna magitaa mawili yanavyosukana, na kwamba mwangwi ungeufukia msuko huo. Mwaka 1963 bendi ikavunjika, na tofauti hiyo ilichangia sana. Bertrand akaanzisha Eddie & the Showmen, akaendelea na mwangwi wake. Sitaki kuamua nani alikuwa sahihi, kwa sababu nazipenda kazi za wote wawili. Lakini sikiliza "Mr. Moto" na utaona Johnson aliogopa kupoteza nini: gitaa la rizimu halijakaa nyuma kusindikiza tu, linajibu, linajaza nafasi ambazo gitaa la solo limeziacha, na kila noti ya magitaa yote mawili unaisikia ilipoanzia na ilipoishia.

Kwa hiyo jaribio la kwanza kwa albamu yako ni hili. Chomeka gitaa lako moja kwa moja kwenye amplifaya, mwangwi sifuri, kisha utafute kwa sikio melodi ya wimbo wa sita, ule uliokupoteza. Ipige polepole, noti moja moja. Kama bado ni melodi, yaani ina mwanzo, inapanda kwenda mahali, inashuka, na unatamani kuipiga tena, basi wimbo ni mzima na shida ni namna ulivyopangwa au kurekodiwa. Kama umebaki na noti nne zinazozunguka pale pale, umeshapata jibu.

Sasa kasi. Ukizungumza surf huwezi kumkwepa Dick Dale, aliyezaliwa Boston mwaka 1937 kwa jina la Richard Monsour, baba yake akiwa na asili ya Lebanon. Kiangazi cha 1961 alikuwa akijaza maelfu ya vijana katika ukumbi wa Rendezvous Ballroom kule Balboa, na mwezi Septemba mwaka huo akatoa "Let's Go Trippin'," ambayo wengi wanaihesabu kuwa wimbo wa kwanza wa surf wa ala tupu. Alikuwa wa mkono wa kushoto, akaligeuza gitaa bila kubadilisha mpangilio wa nyuzi, kwa hiyo uzi mnene kwake ulikaa chini. Alitumia nyuzi nene kupita kiasi, hadi 0.060 ya inchi, na alipiga kwa nguvu kiasi cha kuunguza amplifaya za wakati huo. Leo Fender na mafundi wake wakalazimika kumtengenezea nyingine kubwa zaidi, na kumtafutia spika ya inchi 15 ya kuhimili kishindo chake.

Wimbo uliompa jina duniani ni "Misirlou," alioutoa mwaka 1962. Melodi yenyewe ni ya watu wa mashariki ya Mediterania, na rekodi yake ya kwanza inayojulikana ilifanywa mwaka 1927 na Mgiriki Tetos Demetriades. Dale aliijua kutoka kwa ndugu zake, akaichukua na kuipiga juu ya uzi mmoja, mkono wa kupigia ukichapa juu na chini bila kukoma. Watoto wanaojifunza gitaa wanaikimbilia kwa sababu ya kasi. Mimi nakuomba uipige kwa robo ya kasi hiyo. Inaanza E, inakwenda F, kisha inaruka hadi G kali, halafu A, B, C, na ukiendelea unaruka tena hadi D kali kabla ya kufika E ya juu. Mruko ule kati ya F na G kali, toni moja na nusu, ndio moyo wa wimbo. Ni skeli inayotoka katika jamii ya hijaz, ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, na masikio yaliyozoea ala za udi na kanuni huitambua kabla ya noti ya nne. Sasa unaona kwa nini "Misirlou" haikuchoshi hata baada ya kuisikia mara nyingi: ukiivua kasi yote, bado ina melodi iliyokuwa ikiimbwa na watu miongo mitatu kabla Dale hajaigusa. Na Dale hakutegemea gitaa peke yake. Katikati ya wimbo anaweka gitaa chini anapuliza tarumbeta, piano nayo inacheza, na gitaa linaporudi linarudi kama jambo jipya.

Bendi nyingi za leo zimechukua mkono wa Dale zikaacha sikio lake. Kupiga noti 16 katika nafasi ya nne ni mazoezi. Mtu akivumilia miezi kadhaa anafika. Kwenye albamu yako, kila unaposikia mkono unachapa kwa kasi hivyo, jiulize vidole vya mkono wa pili vinakwenda wapi. Kama vimekaa kwenye noti moja kwa muda mrefu, kasi hiyo ni ya kujazia nafasi.

Kuna sababu nyingine ya nyimbo kufanana ambayo wewe mpiga gitaa utaielewa haraka: ufunguo. Gitaa lina uzi mtupu wa E na uzi mtupu wa A, na surf inapenda nyuzi hizo zinene ziachwe zivume huku melodi ikitembea juu yake. Matokeo yake nyimbo nyingi ziko kwenye E ndogo au A ndogo. Ongeza hapo mteremko wa kodi nne ambao surf umeutumia tangu mwanzo, A ndogo, G, F, E, wenye harufu ya gitaa la Kihispania. "Walk, Don't Run" ya The Ventures umejengwa juu yake, na tangu hapo sijui bendi ngapi zimeupita mteremko huo huo. Chukua karatasi, andika ufunguo wa kila wimbo kwenye albamu yako kwa kufuata namba. Ukikuta nyimbo tano mfululizo ziko kwenye E ndogo, tena kwa kasi ile ile, umepata chanzo kimojawapo cha uchovu wako, na hilo ni kosa la mpangilio ambalo mtayarishaji yeyote makini angelirekebisha. Wakati mwingine kuhamisha nyimbo mbili tu kunabadilisha albamu nzima.

Kuhusu ngoma sitakaa sana, ila lipo la kujua. Mdundo wa surf ukiuhesabu "moja, mbili-na, tatu, nne," teke linaangukia moja na tatu, na snea inapigwa kwenye mbili, kwenye ile "na," na kwenye nne. Duum, ta-ta, duum, ta. Unabeba wimbo mbele kama unasukumwa, na kwa kuwa ni rahisi kuushika, mpiga drams mvivu anaweza kuukalia albamu nzima. Mpigaji mzuri huuacha makusudi. Atahamia kwenye tomtomu wakati wa daraja, ile sehemu ya kati ya wimbo, atanyamaza mapigo mawili kabla melodi haijarudi, atabadilisha toazi analolipiga. "Wipe Out" ya The Surfaris, iliyofika namba 2 Marekani mwaka 1963, ni blues ya kawaida ya baa 12 na gitaa lake ni jepesi sana. Watu wanaikumbuka mpaka leo kwa sababu Ron Wilson alipewa nafasi kila baada ya mzunguko aseme lake kwenye ngoma. Vijana wale walijua melodi yao ni nyembamba, wakaweka uzito mahali pengine. Nauheshimu sana uamuzi huo.

Turudi kwenye swali langu la pili, la melodi inaporudi, maana hapa ndipo penye utajiri wote. Mfano wa kujifunzia ninaoupenda kuliko wote ni The Ventures na "Walk, Don't Run." Melodi iliandikwa na mpiga gitaa wa jazz Johnny Smith katika miaka ya 1950. Kundi hili kutoka Tacoma, jimbo la Washington, liliichukua mwaka 1960, likaipunguzia mapambo ya jazz, likaifikisha namba 2 Marekani. Wakati huo surf ilikuwa haijapata hata jina. Mwaka 1964, surf ikiwa imeshatamba, wakairekodi tena na kuitoa kama "Walk, Don't Run '64," safari hii ikiwa na mwangwi wa springi na mdundo wa surf, na ikaingia tena kwenye kumi bora. Melodi moja, bendi moja, miaka minne katikati. Zisikilize moja baada ya nyingine. Toleo la 1960 ni kavu, gitaa la rizimu linasikika wazi likikata kodi, na mpiga solo anautumia mkono wa tremolo, ule wenzo wa kutikisia nyuzi, kwa kiasi, mwishoni mwa sentensi, kama mwimbaji anayetikisa sauti kidogo kabla ya kuvuta pumzi. Toleo la 1964 limelowa na lina haraka. Baadhi ya watu wanalipendelea la pili. Mimi nabaki na la kwanza. Lakini yote mawili yanasimama, kwa sababu melodi ya Smith ingesimama hata ukiipiga kwa mluzi.

Halafu sikiliza "Pipeline" ya The Chantays, vijana wa sekondari ya Santa Ana waliofika namba 4 mwaka 1963. Mpe kila mpigaji sikio lake. Wimbo unaanza na mteremko mrefu kwenye uzi mnene, kisha gitaa lililobanwa linaanza kukimbia chini chini, na kwa muda hakuna melodi kabisa; wanakuacha usubiri. Melodi inapoingia ni fupi, na nafasi kati ya sentensi zake ni kubwa. Piano ya umeme inajitokeza na kubadilisha rangi ya wimbo mzima bila mtu kuongeza kasi wala sauti. Hakuna anayejionyesha. Kila kitu kinakuja pale ambapo ungeanza kukizoea kile kilichotangulia, na huo ndio ujuzi ninaoutafuta kwenye albamu yoyote ya ala tupu: bendi inayojua ni lini msikilizaji ameshaelewa.

Kwa hiyo unaposikiliza albamu yako tena, usihangaike na melodi inapoingia mara ya kwanza. Ngoja irudi. Je, imepanda oktava? Gitaa la pili limeongeza sauti ya pembeni? Besi imeacha kushikilia noti moja ikaanza kutembea? Wimbo mzima umehama nusu toni kwenda juu? Mpiga rizimu amenyamaza ili solo libaki na ngoma tu? Hata kimoja kati ya hivyo kinatosha. Kama melodi inarudi mara tatu na hakuna kilichoguswa, wimbo huo ulitakiwa uwe wa dakika moja na nusu.

Pia uihurumie kidogo bendi yako, kwa sababu umbo la albamu ndefu halikuwa nyumbani kwa muziki huu. Surf ya mwanzo ilikuwa muziki wa dansi na wa santuri ndogo za kasi ya 45: wimbo mmoja huku, mwingine nyuma, dakika mbili na ushei kila upande. Nyimbo zile ziliundwa zisikike moja moja, redioni au ukumbini, katikati ya nyimbo za watu wengine. Hata Dale alipotoa albamu yake ya kwanza, "Surfers' Choice," mwaka 1962, hakuijaza ala tupu. Ndani yake anaimba nyimbo kadhaa. Kukaa dakika 35 au 40 na gitaa lisilo na mwimbaji ni jambo ambalo vijana wa 1962 hawakumdai msikilizaji wao.

Bendi zilizokuja baadaye ndizo zilizolazimika kulitatua. Surf ya mwanzo ilizimwa ghafla. The Beatles walipotokea kwenye televisheni ya Marekani Februari 1964, vijana waliokuwa wakiunda bendi za gitaa tupu walianza kutafuta waimbaji. Muziki ulifufuka mwishoni mwa miaka ya 1970, ukafufuka tena kwa nguvu zaidi katika miaka ya 1990, hasa baada ya filamu ya Quentin Tarantino, "Pulp Fiction," ya mwaka 1994 kufungua na "Misirlou." Kundi hili la mwisho ndilo la kusikiliza ukitaka kujua albamu nzima ya ala tupu inashikiliwaje. Man or Astro-man? wa Alabama walipachika maongezi ya filamu za kale za anga za juu kati ya nyimbo, na sikio linapata mapumziko kabla gitaa halijarudi. Laika & the Cosmonauts wa Ufini waliongeza kinanda, kwa hiyo melodi ina mahali pa kuhamia gitaa likichoka. Los Straitjackets, wale wa Nashville wanaovaa barakoa za wapiga mieleka wa Mexico, mwaka 2017 walitoa albamu nzima ya nyimbo za Nick Lowe bila maneno. Wazo hilo la mwisho lina akili sana. Lowe ni mtunzi wa nyimbo za kuimbwa, kwa hiyo kila melodi ilikuwa imeshapita mtihani wa mdomo kabla gitaa halijaigusa, na wapigaji walibaki na kazi moja tu, kuamua waipambe vipi.

Uliuliza pia mtu anaupimaje muziki usiosema chochote. Hapo nina angalizo dogo kuhusu majina ya nyimbo. Msikilizaji aliyezoea maneno hushika jina la wimbo kama kamba, akitafuta bahari, wimbi, kimbunga au gari ndani ya gitaa. Usijibane hivyo. "Pipeline" ulikuwa na jina lingine, "Liberty's Whip," hadi wapigaji walipoona filamu ya watelezaji mawimbi iliyoonyesha wimbi la Banzai Pipeline kule Hawaii, wakaubadilisha. Muziki ulikuwepo kabla ya wimbi. The Astronauts walitoka Boulder, Colorado, milimani, mbali na fukwe zote, na walipiga surf bila shida. Kwa hiyo kama wimbo wa tano kwenye albamu yako unakukumbusha safari ya usiku na jina lake linasema dhoruba, amini safari yako.

Jambo la vifaa ni fupi: usiisikilize kwa spika ya simu. Besi inapotea, na besi ikipotea kwenye surf unabaki na gitaa linalolia juu ya ngoma, yaani ule mfanano uliokuchosha. Spika za kawaida za mezani au visikilizio vya bei yoyote vinatosha.

Sasa mpango wa kufanya. Usiirudie albamu yako mara moja. Sikiliza kwanza "Walk, Don't Run" matoleo yote mawili, kisha "Mr. Moto," "Misirlou" na "Pipeline," na mwishoni "Bombora" ya The Atlantics wa Australia, ya mwaka 1963, ambayo naiona kati ya nyimbo kali kuliko zote za surf zilizorekodiwa nje ya Marekani. Zote sita hazifiki dakika 20. Siku inayofuata igawe albamu yako vipande vitatu vya nyimbo nne nne, usikilize kipande kimoja kwa kikao. Anza na kile cha mwisho, namba 9 hadi 12, kwa sababu huko ulifika ukiwa umeshachoka na hujawahi kukipa sikio lililopumzika. Kipande cha katikati ukiache mwisho, na ukifikia wimbo wa sita, shika gitaa.